Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Tupeni tarehe, hata kama ni mbaya

KWA: Makamu Mkuu wa Chuo

NAKALA: Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma), Mshauri wa Wanafunzi, Rais wa Serikali ya Wanafunzi

YAH: KUWAACHA WANAFUNZI BILA KUJUA, NA MADHARA YAKE KWA AFYA YA AKILI

Mheshimiwa Profesa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika Shahada ya Ualimu, na eneo ninalobobea ni saikolojia. Jina langu na namba yangu ya usajili ofisi yako inavyo, kwa sababu vimo katika barua tatu nilizozikabidhi masjala kwa mkono wangu mwenyewe nikiwa mwaka wa pili: ya kwanza Novemba, ya pili Februari na ya tatu Mei. Nakala zote tatu ninazo, zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Barua ya kwanza haikujibiwa. Nilipofuatilia ya pili niliambiwa kwamba faili liko mezani kwa mkubwa na nirudi wiki ijayo, na wiki ijayo nikaambiwa vivyo hivyo, mpaka muhula ukaisha. Nilipopeleka ya tatu, karani alinitazama kwa huruma, akanishauri kama dada: "Mdogo wangu, umebakiza mwaka mmoja tu. Soma, maliza, uondoke salama."

Naamini alinitakia mema. Hata hivyo nimeona siwezi kuondoka salama na kuwaachia wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, ambao wiki hii wamepanga foleni ya usajili na mabegi yao miguuni, jambo ambalo mimi na wenzangu limetula miaka miwili. Ndiyo sababu leo naandika hadharani, kwa heshima yote, bila kulitaja jina la chuo, kwa kuwa ni chuo ninachokipenda na ninataka kitengenezwe na kisiaibishwe.

Hoja yangu ni moja. Masomo ya chuo kikuu ni magumu, na hatuombi yawe mepesi, tulikuja kusoma. Kinachotuondolea usingizi, kinachotujaza jakamoyo hata siku ambazo hakuna mtihani wala deni, ni kutojua: matokeo yatatoka lini, ratiba itabadilika lini, fedha zitaingia lini, jina la nani litabandikwa mlangoni kesho. Na sehemu kubwa ya kutojua huko inatengenezwa na ofisi ambazo zinajua na hazisemi, au hazijui na hazisemi kwamba hazijui.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio walilowafanyia watu 45. Kila mmoja alikaa mbele ya kompyuta akacheza mchezo wa kukisia kama chini ya jiwe kuna nyoka au hakuna, na nyoka akiwapo mchezaji alipigwa mkononi shoti ya umeme yenye maumivu. Watafiti walipima jasho la ngozi na kutanuka kwa mboni za macho, kisha wakawauliza wachezaji wenyewe walivyojisikia. Msongo ulifika kileleni pale ambapo uwezekano wa kupigwa shoti ulikuwa nusu kwa nusu, na mtu aliyejua kwa hakika kwamba atapigwa alikuwa ametulia kuliko yule asiyejua. Nililisoma jaribio hilo maktabani mara mbili, nikafunga daftari. Sisi hapa chuoni jiwe hilo tunalifunua kila siku.

Naomba sasa nitaje malalamiko yetu moja baada ya jingine.

1. Matokeo hutoka siku isiyojulikana.

Almanaka ya chuo inaonyesha siku ya kufungua, siku ya kuanza UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, siku ya kufunga na hata siku ya bonanza la michezo, lakini haionyeshi siku ya kutoka kwa matokeo. Kwa hiyo, tangu karatasi ya mwisho inapokusanywa, mwanafunzi huingia katika kipindi ambacho mwisho wake hauonekani, huku mbele yake ziko sapu, yaani mitihani ya marudio, ambazo zenyewe tarehe yake imeandikwa na haisogei.

Nitaeleza kilichompata mwenzangu wa chumba, kwa ruhusa yake, kwa sababu ndicho kilichonifanya niache kusubiri jibu la barua ya tatu. Mwezi Julai alirudi kwao, kijijini katika Wilaya ya Kasulu, akiwa na hofu na somo moja la takwimu. Begi lake hakulifungua. Aliliweka nyuma ya mlango, akawa anachomoa nguo moja moja na kuirudisha ikishafuliwa, kwa kuwa hakujua kama ataitwa kwenye sapu keshokutwa au mwezi ujao. Mama yake akamwuliza, "Mwanangu, umekuja kukaa au unapita?" Mtandao pale kwao hukamata vizuri juu ya kichuguu kilicho nyuma ya jiko. Alikipanda asubuhi, mchana na jioni, kisha mtu mmoja katika kundi la WhatsApp la darasa akasema kwamba matokeo hupandishwa usiku, naye akaanza kuamka saa nane za usiku na kukipanda kwa tochi ya simu. Chakula kikawa hakimpiti. Wiki moja kabla ya sapu, matokeo yakiwa bado, ilimlazimu aamue: akibaki nyumbani na kumbe ana sapu, ataikosa, akija na kumbe hana, atakuwa ameitupa nauli. Mama yake alikopa kwenye kikoba. Binti alisafiri zaidi ya kilomita 1,000, akashuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi miguu imevimba, akafikia nyumbani kwetu Mbagala kwa sababu hosteli zilikuwa zimefungwa. Matokeo yalitoka Jumamosi saa nne usiku. Sapu zilianza Jumatatu. Hakuwa na sapu hata moja. Somo la takwimu alikuwa amepata B.

Nilidhani atapiga vigelegele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, simu ikamwangukia mapajani, akalia muda mrefu akirudia maneno matatu tu: "Nauli ya mama."

Naomba ofisi yako ilipime jambo hili, Mheshimiwa. Binti huyu hakufeli chochote. Zile wiki zote za kukosa usingizi, moyo kumwenda mbio na kupanda kichuguu gizani zilitokana na tukio ambalo halikuwapo, na kuna mtu katika jengo la utawala ambaye angeweza kuzimaliza kwa sentensi moja, kwamba matokeo yatatoka Jumamosi ya tarehe fulani, wa mikoani wasianze safari kabla ya hapo, na sapu zitasogezwa ili wafike.

Darasani tunafundishwa kwamba mtu aliyebanwa na msongo huwa na njia mbili za kukabiliana nao: kulishughulikia tatizo lenyewe, au kuzishughulikia hisia ambazo tatizo limezileta. Tatizo lisilo na tarehe huifunga njia ya kwanza, kwa kuwa hakuna cha kupanga wala cha kufanya. Inabaki ya pili, na zana za njia ya pili zinazopatikana kwa urahisi hosteli si nzuri: kulala mchana kutwa, kubeti, pombe kwa baadhi yetu, na kwa wengi sana kuchungulia simu. Huku kuchungulia ndiko kunakonisikitisha zaidi, kwa sababu kunafanana na bidii. Mwanafunzi anafungua akaunti yake, anakuta hakuna kitu, anapata nafuu ya dakika tano, kisha hofu inarudi na kumdai achungulie tena, na kila inapodaiwa na kulipwa inakua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: mpaka leo simu ya mwenzangu ikitoa mlio wa ujumbe, hata ukiwa ujumbe wa kampuni ya simu kuhusu ofa ya vifurushi, mabega yake huruka.

2. Tunaingia UE bila kujua tunakoanzia.

Kwa taratibu zetu koswek, yaani kazi na majaribio ya ndani ya muhula, hubeba alama 40 na UE alama 60. Katika masomo kadhaa tunaingia chumba cha mtihani bila kuziona zile 40, na kwa hiyo hatujui tunatafuta nini katika zile 60. Aliyepata 34 na aliyepata 15 wanakesha usiku ule ule kwa hofu ile ile, ingawa wa kwanza angepaswa kulala na wa pili angepaswa kumtafuta mwalimu mapema. Ratiba nayo muhula uliopita ilitolewa mara nne. Toleo la mwisho lilitumwa Jumapili jioni kwa mtihani wa Jumatatu saa mbili asubuhi, nami nililiona nikiwa nimesimama kwenye daladala, nimejiandaa kwa somo jingine.

3. Orodha ya mlangoni.

Asubuhi ya mtihani hubandikwa mlangoni orodha ya wenye deni la ada, ambao hawaruhusiwi kuingia. Sipingi chuo kudai ada yake. Chuo hakiendeshwi kwa hewa. Ninachopinga ni kwamba mtu huijua hali yake akiwa na kalamu mkononi, dakika 20 kabla ya mtihani, huku wenzake wakipitisha vidole juu ya majina na kusikika wakisema, "Mimi simo." Muhula uliopita nilimwona kijana ambaye alikuwa amelipa siku nne kabla, stakabadhi anayo, ila mfumo ulikuwa haujasoma malipo. Alitetemeka hadi karatasi ile ikawa inatoa sauti mkononi mwake. Aliruhusiwa mwishowe, robo saa imeshapita. Sijui mtu anaandikaje insha ya historia na mkono wa namna ile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi wa Marekani, Jay Weiss, alionyesha kwamba panya waliosikia mlio wa onyo kabla ya kupigwa shoti walipata vidonda vya tumbo vichache sana kuliko panya waliopigwa shoti zile zile bila onyo lolote. Maumivu yalikuwa yale yale. Tofauti ni kwamba wale wa kwanza walijua kuwa mlio usiposikika wako salama na wanaweza kupumzika, ilhali wale wa pili hawakuwa na dakika hata moja ya kuwa salama. Nenda, Mheshimiwa, kwenye zahanati ya chuo wiki ya UE, ukae benchini saa moja, uhesabu vijana wa miaka 21 wanaoshika chembe ya moyo na kuomba dawa za vidonda vya tumbo. Sisemi kwamba kila tumbo limeumizwa na orodha ya mlangoni. Wengine ni njaa na wengine wana ugonjwa wao. Nasema kwamba hatuna mlio, na kwa sababu hatuna mlio hatuna siku ya kupumzika.

4. Fedha za kujikimu.

Hapa nitasema kwa ufupi, kwa sababu najua bumu, kama tunavyoziita fedha hizo, si fedha za chuo. Hutoka Bodi ya Mikopo, na kiwango chake cha chakula na malazi, ambacho ni shilingi 10,000 kwa siku, hakipangwi na ofisi yako. Ninachozungumzia ni zile siku ambazo dawati la mikopo hapa chuoni linajua limefikia wapi na halitangazi. Mwanafunzi akijua kwamba atasaini kupokea bumu baada ya siku 12, hupanga: hununua unga na dagaa, hupiga pasi ndefu, yaani huruka mlo, siku mbili tatu, akafika. Asipojua, hushindwa kujibana, kwa kuwa hajui anajibana mpaka lini, na hapo ndipo anapokopa zile kausha damu za kwenye simu, ambazo baadaye humpigia hadi mjomba wake kijijini kumdai.

5. Mshauri nasihi mmoja, na mlango unaoonekana na wote.

Tuna mshauri nasihi mmoja. Ni mama mwema, mwaka wa kwanza alinisaidia mimi mwenyewe, na nisingependa neno lolote hapa lisomeke kama lawama kwake. Lakini chumba chake kiko kati ya ofisi ya uhasibu na ofisi ya nidhamu, na mlango wake unatazamana na benchi la wanaosubiri namba ya malipo. Anayeingia mle anaonekana na nusu ya darasa lake, na jioni hosteli anaulizwa kama "amepata ukichaa". Wengi hufika kwenye kona ya korido, wakaliona benchi, wakageuka.

Lipo dodoso fupi la maswali 7 linaloitwa GAD-7, lililochapishwa mwaka 2006 na linalotumika duniani kote bila malipo. Humwuliza mtu ni mara ngapi katika wiki 2 zilizopita amesumbuliwa na mambo kama kushindwa kudhibiti hofu, kushindwa kutulia, au kuogopa kana kwamba jambo baya litatokea. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 21, na anayefika 10 hushauriwa aonwe na mtaalamu. Dodoso hilo halitoi hukumu ya ugonjwa, na mimi si daktari wa kumpima mtu. Nasikitika tu kwamba chuo kinachowafundisha walimu watarajiwa kulitumia hakijawahi kuwauliza wanafunzi wake hata swali moja kati ya yale saba.

Mheshimiwa Profesa, majibu ambayo yanaweza kutolewa nayajua, kwa sababu nimeyasikia kwenye korido kwa miaka miwili, na ningependa kuyajibu kwa haki.

Husemwa kwamba vijana wa siku hizi ni laini, kwamba ninyi mlisoma kwa vibatari na hamkulalamika. Siwezi kuudharau ugumu mlioupitia. Lakini mwanafunzi wa miaka ya 1970 na 1980, akishachaguliwa kuingia chuo kikuu, alisomeshwa na serikali, alilishwa, na akimaliza alipangiwa kazi. Uchangiaji wa gharama ulikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alikuwa na dhiki, naam, ila alikuwa na njia aliyoiona mbele yake. Sisi wa Ualimu tunajua kwamba baada ya shahada tutajiandikisha kwenye mfumo wa ajira, tutaitwa au hatutaitwa kwenye usaili, na kaka zetu waliomaliza miaka mitano iliyopita bado wanafundisha kwa kujitolea. Huo ni mzigo wa kutojua ambao chuo hakikuuleta na hakiwezi kuuondoa. Ndiyo maana tunaomba kisituongezee ule ambao kinaweza kuuondoa.

Husemwa pia kwamba maisha yenyewe hayana hakika, na kwamba chuo kinawakomaza. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nami siikimbii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval, huko Quebec, walichapisha mwaka 1994 dodoso la vipengele 27 la kupima jinsi mtu anavyoshindwa kuvumilia kutojua, na tafiti nyingi zilizofuata, zikiwamo za wanafunzi wa vyuo, zimeonyesha kwamba asiyevumilia kutojua huandamwa zaidi na wasiwasi. Uvumilivu huo hufundishika, na tiba ya wasiwasi hufanya hivyo: mtu hufunzwa hatua kwa hatua kukaa na jambo asilolijua bila kulikimbia. Lakini hufunzwa na mtu anayemjali, kwa kipimo, huku akijua somo linaanzia wapi na kuishia wapi. Kumwacha binti juu ya kichuguu saa nane za usiku hakumfundishi uvumilivu. Na wakituambia subira yavuta heri, tutajibu kwamba hata mwenye kufunga anaijua saa ya magharibi.

Jibu la tatu ndilo zito, na nimeambiwa kwamba ndilo la ofisi yako: walimu huchelewa kusahihisha, madarasa yana wanafunzi mia sita, Seneti lazima ikae kuidhinisha, na tarehe ikitajwa kisha ikapita, chuo kitalaumiwa. Namwelewa mwalimu mwenye vitabu mia sita mezani. Nami nitakuwa mwalimu. Lakini naomba nieleze nilichojifunza nikiwa kidato cha tatu. Tarehe 17 Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, tukaambiwa siku 30. Niliandika siku hizo 30 kwa chaki kwenye ukuta wa uani, nikagawanya masomo yangu, nikasoma kila siku na kufuta mstari mmoja. Katikati ya Aprili ilitangazwa kwamba shule zitaendelea kufungwa, na safari hii hapakuwa na idadi ya siku. Sikusoma tena. Nilikuwa na vitabu vile vile na ukuta ule ule, lakini nilikaa nikisikiliza redio, nikiuliza kila mtu, nikigombana na wadogo zangu. Mwezi Juni ilipotangazwa kwamba tutafungua tarehe 29, hofu ya ugonjwa ilikuwa haijaniondoka, ila jioni ile nilitafuta kipande cha chaki. Sikuhitaji kuambiwa kwamba kila kitu kitakuwa salama. Nilihitaji kujua ni mistari mingapi.

Kwa hiyo ikiwa tarehe haijulikani, tupeni tarehe ambayo mtatuambia tarehe. Tarehe ikishindikana, tuambieni kabla haijafika, pamoja na sababu na tarehe nyingine. Tutalalamika, ndiyo. Kulalamika tukiwa tunajua ni afya kuliko kunyamaza tukiwa roho juu.

Baada ya maelezo hayo, tunaomba yafuatayo:

(a) Siku ya kutoka kwa matokeo ya kila muhula iandikwe katika almanaka kama inavyoandikwa siku ya mtihani, na pasiwe na sapu inayoanza kabla ya siku 14 kupita tangu matokeo yatoke.

(b) Alama za koswek zionekane katika akaunti ya mwanafunzi angalau siku 7 kabla ya UE, na ratiba ya UE isibadilishwe ndani ya siku 14 za mwisho isipokuwa kwa dharura itakayoelezwa kwa maandishi.

(c) Mwenye deni la ada ajulishwe kwa ujumbe wake binafsi siku 14 na siku 3 kabla ya mtihani, na orodha za mlangoni zikome kabisa. Hili la mlangoni halihitaji bajeti wala kikao; linaweza kuanza kesho.

(d) Kila Ijumaa saa kumi jioni, wakati wa kusubiri bumu au matokeo, litolewe tangazo moja rasmi lenye kueleza hatua iliyofikiwa, hata kama habari yenyewe ni kwamba hakuna kilichobadilika tangu Ijumaa iliyopita.

(e) Chumba cha ushauri nasihi kihamishiwe mahali ambapo mtu anaweza kuingia bila kutazamwa, na aajiriwe angalau mshauri mmoja zaidi, ambaye pamoja na aliyepo wataendesha upimaji wa hiari kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Upimaji bila mtu wa kumpokea aliyepimwa hatuuombi, kwa sababu utakuwa umeongeza swali jingine lisilo na jibu.

Mwenzangu wa Kasulu amerudi. Tuko chumba kimoja tena mwaka huu, na juzi usiku nilimwona akilipanga begi lake juu ya kabati bila kutoa vitu vyote ndani. Sikumwuliza kitu.

Nitafika masjala Jumatatu ya wiki ya nne ya muhula huu, saa tatu asubuhi, nikiwa na nakala ya barua hii na zile tatu zilizotangulia. Ikiwa jibu litakuwa bado halijawa tayari, naomba nikute kwa karani karatasi yenye tarehe ambayo litakuwa tayari.

Wako katika kujenga taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Shahada ya Ualimu